Mwana wa Kiume, Mwana wa Kike: Jawabu kwa Ndugu Yetu Aliyeko Kericho

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifanya biashara katika mji wa Kericho, ametuandikia barua ndefu. Asema kuwa Mwenyezi Mungu amemruzuku mabinti watano, na kwamba jamaa zake wa huku pwani hawampi raha. Wamwambia amwache mkewe, kwani tumbo lake ni la wanawake watupu. Wengine wamemshauri amtie mkewe mikononi mwa mganga, anyweshwe kombe na avishwe hirizi mpaka apate wa kiume. Ndugu huyu, juu ya duka lake, afuga ng'ombe wa maziwa watatu, kama wafanyavyo wengi katika nchi ile ya chai ya Kericho na Bomet. Na mtaalamu ajaye kuwapandisha ng'ombe wake kwa mrija amemwambia kuwa ziko mbegu za fahali zilizochaguliwa, ambazo takriban zote huzaa mitamba. Basi atuuliza masuali matatu. Je, kosa ni la mkewe? Je, mbegu hizo ni halali kununuliwa? Na ikiwa kwa ng'ombe yawezekana, je, kwa binadamu yajuzu?

Tumeona bora jawabu tuliandike hapa mbele ya wasomaji wote, kwani maradhi haya si ya Kericho peke yake. Yamo katika majumba yetu ya Mombasa na Malindi na Lamu na Unguja, na wanawake wangapi wameachwa kwayo hali hawana hatia. Na wanazuoni wa usuli wametufunza kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi natukijue kwanza.

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho tupu, na ndani ya chembe mna nyuzi zinazobeba maagizo ya umbile lake. Nyuzi hizo zaitwa kromosomu. Binadamu ana nyuzi 46, yaani jozi 23. Na hesabu hii haikujulikana sawasawa ila mwaka 1956, pale Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, na mwenzake Albert Levan walipozihesabu upya huko Lund, katika nchi ya Sweden. Kabla ya hapo vitabu viliandika 48, na wasomi wakafunza hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika jozi hizo 23, jozi 22 ni sawa kwa mume na mke. Iliyobaki ndiyo yenye tofauti: mwanamke ana nyuzi mbili za namna moja, ziitwazo X, mwanamume ana X moja, na ya pili ni fupi, iitwayo Y. Y ya binadamu ilisomwa yote mwanzo hadi mwisho mwaka 2023, ikaonekana ina herufi kama milioni 62, hali ya kuwa X ina kama milioni 155. Na miongoni mwa wa kwanza kabisa kuonyesha kuwa dume na jike hufuata nyuzi hizi alikuwa mwanamke wa Kimarekani, Nettie Stevens, mwaka 1905, alipokuwa akichunguza wadudu wa unga.

Sasa zingatia, ewe msomaji. Mtoto hupata nusu ya nyuzi zake kwa mama na nusu kwa baba. Mama hana ila X. Basi kila yai lake lina X, akizaa wa kiume au wa kike. Baba ana X na Y. Basi mbegu zake zagawanyika mafungu mawili yaliyo karibu sawa, nusu zina X na nusu zina Y. Ikifika kwenye yai mbegu yenye X, mtoto ni wa kike. Ikifika yenye Y, mtoto ni wa kiume. Y mama hana, wala hakupata kuwa nayo. Vipi basi atadaiwa kitu ambacho hakuwekewa amana?

Huko Kericho na Bomet jambo hili halihitaji darubini; latazamwa zizini. Mfugaji wa maziwa ataka mtamba, kwani ndama dume kwake ni mzigo. Na katika ng'ombe uzi wa X ni mkubwa kuliko wa Y, hata mbegu yenye X yazidi yenye Y kwa kiasi cha asilimia 4 ya ule utembo unaobeba maagizo. Mabingwa waliitumia tofauti hiyo ndogo. Huzitia mbegu rangi yenye kung'aa, wakazipitisha moja moja mbele ya mwanga mkali. Yenye kung'aa zaidi yavutwa upande huu, na yenye kung'aa kidogo upande ule. Lawrence Johnson na wenzake huko Marekani walipata sungura wa kwanza kwa njia hii, na khabari yao ikatoka mwaka 1989. Leo mirija ya mbegu za fahali zilizochaguliwa hivyo yauzwa hapa Kenya, na katika kila ndama mia wanaozaliwa kwayo, kama tisini ni majike.

Nataka msomaji asimame kidogo hapa. Mashine ile haikuletwa kwa ng'ombe jike hata mara moja. Kazi yote imefanywa juu ya mbegu za fahali, kabla ng'ombe wa Kericho hajaguswa. Lau kuwa jike ndiye mwenye kuamua, mali yote hiyo ingekuwa imetupwa baharini. Basi mfugaji anayelipa bei ya juu kwa mrija huo amekwisha kukiri kwa fedha zake kuwa tofauti hutoka kwa dume. Kisha mtu huyo huyo huingia nyumbani akamkunjia uso mkewe kwa kuzaa binti! Ng'ombe wake amempa insafu ambayo mkewe amemnyima.

Huenda mtu akasema: labda mpango huu ni wa ng'ombe na binadamu tu. La. Wanyama wanyonyeshao wahitilafiana sana kwa hesabu ya nyuzi: ng'ombe na mbuzi wana 60, kondoo 54, paka 38, ngamia 74, punda 62, farasi 64, na baghala, mwana wa punda na farasi, ana 63, na kwa sababu hiyo ya nyuzi zisizopatana ni nadra sana kuzaa. Lakini wote hao dume ana X na Y na jike ana X mbili.

Hata umbo la Y lenyewe si moja. Zebu, yaani ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, Y yake ina kifundo karibu na ncha. Na Friesian na Ayrshire waliotoka Ulaya, kifundo chao chaelekea katikati. Kwa alama za uzi huu mabingwa hujua fahali wa asili alitoka wapi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 na wataalamu wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, na wenzao, ulionyesha kuwa Y ya zebu imeenea sana katika ng'ombe wa Afrika, na zaidi upande wetu wa mashariki, ilhali ukoo wa mama wa ng'ombe hao watoka kwa ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Maana yake ni kuwa mafahali waliletwa kutoka ng'ambo wakapandishwa kwa majike waliokuwako. Wala lisitukere kutajwa na sisi papo hapo: mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa miji yetu, Manda na Mtwapa na Kilwa na mingineyo, na ikaonekana vivyo hivyo, ukoo wa baba kwa wingi watoka Asia, hasa Uajemi, na ukoo wa mama kwa wingi sana watoka papa hapa Afrika. Wenye kujifakhari kwa babu wa Kishirazi na wamkumbuke na bibi.

Turudi katika nchi ya chai. Msitu wa Mau unaopakana na mashamba yale una mbawala, na mbawala dume ana ajabu yake: uzi wake wa Y umeungana na uzi mwingine ukawa mmoja, hata dume ana nyuzi 33 na jike 34. Pofu, ambaye ni jamaa yake, yu vivyo hivyo: dume 31, jike 32. Na huko Australia kuna mnyama mwenye mdomo kama wa bata, hutaga mayai kisha akanyonyesha, aitwaye platipasi. Huyu dume ana X tano na Y tano, na jike ana X kumi; jambo hili lilielezwa mwaka 2004.

Ajabu zaidi ni panya mmoja wa kisiwa cha Amami Oshima, huko Japani. Huyu hana Y kabisa. Dume na jike kila mmoja ana X moja tu. Hapa mabingwa walishangaa, kwani mwaka 1990 wenzao wa London, kina Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge, walikuwa wamekwisha kukipata ndani ya Y kile kipande kinachoanzisha uume, wakakiita SRY. Na mwaka uliofuata kipande hicho kikatiwa katika kijusi cha panya chenye X mbili, kikaota kuwa dume, ijapokuwa tasa. Sasa huyu wa Amami asiye na Y wala SRY, madume yake yatoka wapi? Mwaka 2022 Asato Kuroiwa na wenzake wa Hokkaido wakaeleza kuwa madume wana kipande kidogo kilichorudiwa katika uzi mwingine kabisa, ambacho majike hawanacho. Basi hata huko, msomaji, dume ndiye mwenye cha kutoa au kutotoa.

Anayetaka kwa lazima mama wa kumlaumu, na aende kwenye banda la kuku. Ndege mpango wao ni kinyume: jogoo ana nyuzi mbili za namna moja, na tembe ndiye mwenye mbili za namna mbalimbali, basi yai ndilo lenye kuamua. Na hata tembe hana hiari katika hilo.

Liko na jambo jingine ambalo wafugaji wa Kipsigis walijua kwa macho yao kabla ya darubini. Ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, yule jike aghlabu huwa tasa. Wataalamu wasema zaidi ya tisa katika kumi. Nyuzi zake ni X mbili sawasawa, hazina kasoro. Lakini tumboni damu ya mapacha wa ng'ombe huchanganyika, na athari ya ndugu yake humwingia mapema ikayaharibu maumbile yake ya uzazi. Uzi wasema jike, na tumbo la uzazi halikutimia. (Nasema kwa haraka ili mtu asiogope: kwa binadamu si hivyo. Binti aliyezaliwa pacha na mvulana haathiriki kwa hilo, na asemaye vinginevyo amemzulia.)

Basi haya yote yatuonyesha nini? Kuna Y ndefu na Y fupi, kuna iliyojiunga na nyenzake, kuna zilizo tano, na kuna mahali haimo kabisa; na kila mahali wamezaliwa madume na majike. Uzi ni sababu katika sababu, wala si mwenye amri. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50, tumefunzwa kuwa Mwenyezi Mungu humpa amtakaye mabinti, na amtakaye wavulana, na wengine huwapa wote wawili, na amtakaye humfanya tasa. Na wanazuoni wa tafsiri wameangalia kuwa mabinti ndio waliotangulizwa kutajwa.

Hapa nina neno na vijana wetu. Wako ambao wakisikia tu khabari za X na Y hukimbilia kusema kuwa yote haya yalikuwa yameandikwa katika Kur'ani kwa namba zake. Nawasihi waache. Surat An-Najm, aya ya 45 na 46, yatwambia kuwa dume na jike wameumbwa kwa tone la manii linapomiminwa, na mwenye akili aona kuwa hayo hayapingani na tuliyoyaeleza. Hayo yatutosha. Kitabu cha uongofu hakitafutiwi nguvu kwa hesabu iliyokuwa jana 48 na leo 46.

Sasa masuali ya ndugu yetu.

La kwanza: mkewe hana kosa, wala yeye mume hana kosa, kwani hakuichagua mbegu iliyotangulia. Kila mimba ni kama nusu kwa nusu, na iliyopita haiiamrishi ijayo. Katika kila nyumba 32 zenye watoto watano, kwa makisio, moja yatarajiwa kuwa na mabinti watupu. Yeye ni mmoja katika hao. Wamwambiao aoe mke mwingine ili apate mwana hawakufikiri: sheria yampa ruhusa ya kuoa kwa uadilifu, lakini katika jambo hili atakuwa amebadilisha shamba na mbegu ni ile ile. Al-Jahidh ameeleza khabari ya Bedui mmoja, Abu Hamza, aliyemhama mkewe kwa kuzaa binti, akawa analala nyumba ya jirani. Siku moja akapita, akamsikia mkewe akimchezesha mtoto kwa beti za kusema kuwa wanawake ni kama ardhi, huotesha walichopandiwa. Abu Hamza akaona haya akarejea. Huyo alikuwa Bedui asiyejua kromosomu.

Talaka ikitamkwa kwa sababu hii huthubutu, hatuwezi kusema haikuwa. Lakini ni dhulma, na mwenye kuitoa ameufuata mwendo wa wale watu wa jahiliya walioelezwa katika Surat An-Nahl, ambao wakibashiriwa binti nyuso zao husawijika. Ama kusema kuwa jina la nyumba litakufa, nashangaa kulisikia neno hilo pwani. Washirikina wa Makka walimwambia Mtume wetu (S.A.W.) kuwa amekatikiwa, kwa kuwa wanawe wa kiume walikufa wangali wadogo. Na leo masharifu wote wa Lamu na Mombasa, wanaobusiwa mikono, nasaba yao yapita kwa Bibi Fatuma, kwa binti. Majirani zake Wakipsigis wana ada yao ya kale, kwamba mwanamke asiye na mwana wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake ipate mrithi. Waliona haja hiyo wakaitafutia njia yao. Sisi njia yetu imo katika elimu ya mirathi: binti mmoja ana nusu, na wawili au zaidi wana thuluthi mbili. Mali ya baba wa mabinti ina wenyewe.

Na hilo kombe la mganga, tumekwisha kuandika juu yake mara nyingi. Mganga ashika fedha za watu mia. Kwa wastani nusu yao watapata wana wa kiume pasi na yeye, na hao ndio watakaomsifu. Tena mwenye kunyweshwa ni mke daima. Hatujasikia mganga aliyemnywesha mume.

La pili, juu ya mbegu za fahali. Imethubutu kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza malipo ya kupandisha dume, na katika madhehebu yetu ya Shafi haijuzu kuyauza maji yake, wala kumkodisha kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sababu waliyoitaja ni kuwa kitu chenyewe hakijulikani kiasi chake, wala hakiwezi kukabidhiwa. Mrija wa leo wajulikana kiasi, wajulikana fahali wake, na wakabidhiwa mkononi. Na katika bei yake mna ujira wa kuhifadhi katika baridi kali, wa kusafirisha na wa kupandisha. Kwa hivyo tunavyoona sisi hapana ubaya, na wamelekea huko wanazuoni wengi wa zama hizi. Atakaye kujichunga zaidi na aweke nia yake katika ujira wa kazi.

La tatu, juu ya binadamu. Baraza la Fikihi la Makka lililitazama jambo hili mwaka 2007, likakata kuwa njia za kawaida hazina neno, lakini kuingilia kwa tiba ili kuchagua mwana au binti haijuzu, ila kwa dharura ya maradhi ya urithi yanayowapata wa kiume peke yao au wa kike peke yao, na kwa masharti yake. Mfano wa maradhi hayo ni ule ugonjwa wa damu isiyoganda. Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi, aliwaeleza wanaume wa kijiji kimoja waliokuwa wakitokwa na damu mpaka wakafa, na hiyo yakaribia miaka elfu moja sasa. Ila yake imo katika X: binti aghlabu huwa na X ya pili yenye kumsaidia, na mvulana hana akiba. Kwa hivyo wazee wanaopeleka watoto tohara, ikiwa wajomba wa mtoto walitokwa na damu nyingi walipotahiriwa, na wamwambie daktari kabla ya kisu. Sunna haikuja kwa kuhatarisha roho.

Ndugu yetu ametueleza kuwa katika ukoo wake na wa mkewe hamna maradhi ya namna hiyo. Basi ruhusa ile haimhusu, na mabinti wake watano hawana la kutibiwa.

Wallahu aalam.